Si Kila Anayeyumba Amelewa

Leo nina maneno juu ya mtu ambaye kila mtaa unaye. Tunamjua kwa jina la utani, tunamjua kwa deni lake dukani, na watoto wakimwona akipita huanza kumwigiza mwendo. Ni mnywaji wa siku nyingi. Nasema mapema kwamba sikuja kuhubiri. Mahubiri ya pombe mnayapata msikitini, kanisani na kwa mama mkwe. Mimi nina jambo moja tu: mtu huyu anaweza kuharibikiwa ubongo mbele ya macho yetu, kwa ugonjwa ambao dawa yake inajulikana na si ya gharama, na sisi tukaendelea kucheka kwa kuwa tumeshaamua kwamba amelewa.

Hebu tumtazame kwa karibu. Ni saa tatu asubuhi. Tangu juzi hajagusa glasi, kwanza fedha imekata, pili kila anachokitia mdomoni anakitapika. Anainuka kitandani, anashika ukuta. Anatembea miguu kaitanua, hatua fupi fupi, na ukimwachia mkono anakwenda upande. Mwinulie kidole mbele ya uso, umwambie akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Utaona mboni zinachezacheza, zikifika pembeni zinarukaruka, na pengine jicho moja linagoma kabisa kufika. Atakwambia anaona watu wawili mahali alipo mmoja. Muulize leo siku gani. Atajibu Ijumaa, na leo ni Jumanne. Hana fujo wala matusi. Amepoa, amezubaa, anajibu kwa kuchelewa. Na jirani anayepita dirishani atasema, "Huyo hajazimua tu, mpeni kidogo atakaa sawa."

Jirani amekosea. Kuyumba huko, macho hayo na kuchanganyikiwa huko vinaweza kuwa dalili za ubongo unaokufa njaa. Sisemi njaa ya ugali. Nasema njaa ya kitu kimoja kidogo sana kiitwacho thiamini, yaani vitamini B1.

Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa Wernicke, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Carl Wernicke, aliyeueleza mwaka 1881. Alikuwa na wagonjwa watatu, na wote watatu walikufa. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu, msikilizaji, hakuwa mlevi hata kidogo. Alikuwa mshona nguo, msichana tu, aliyekunywa asidi. Asidi ikamuunguza tumbo, akawa anatapika kila anachokula, wiki baada ya wiki. Halafu naye macho yakagoma, miguu ikayumba, akili ikachanganyika, sawasawa na wale wanaume wawili. Wernicke hakujua sababu, maana wakati ule vitamini zilikuwa hazijagunduliwa. Lakini mgonjwa wake wa tatu alikuwa ameshatuachia fundisho: ugonjwa huu hauko ndani ya chupa. Chupa ni njia mojawapo ya kuufikia, na kwa hakika ndiyo njia inayopitwa na wengi.

Fundisho hilo lilikuja kuthibitishwa kwenye vita vya pili vya dunia. Mwezi wa Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore, na maelfu ya askari wa Uingereza na Australia wakatiwa kifungoni. Chakula chao kikawa wali mweupe uliokobolewa, na hata huo wa kuhesabu. Kukaja na kuhara damu. Hazikupita wiki nyingi, madaktari waliofungwa pamoja nao wakaanza kuona wanaume wanaotapika, macho yanayochezacheza, vichwa vilivyopotea. Pombe ingetoka wapi kule kambini? Madaktari wawili, de Wardener na Lennox, waliwafuatilia wagonjwa 52 na baada ya vita, mwaka 1947, wakachapisha waliyoyaona. Waliwatibu kwa thiamini kidogo waliyokuwa nayo, na palipokuwa na dawa, palikuwa na watu waliopata nafuu. Tangu hapo hakuna mwenye udhuru wa kusema ugonjwa huu ni tabia.

Sasa thiamini inafanya nini mwilini? Ubongo wako, pamoja na udogo wake, unakula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili, na chakula chake kikuu ni sukari inayotokana na ugali, wali, mihogo na ndizi. Sukari ni kuni. Thiamini ni kiberiti. Unaweza kujaza kuni jikoni hadi darini, bila kiberiti hakuna kinachoiva. Seli za ubongo zilizokosa thiamini zina sukari mlangoni na haziwezi kuitumia. Zinavimba, vishipa vya damu vilivyo karibu nazo vinavuja kidogo kidogo, zinakufa. Na zinazotangulia kufa ziko katikati ya ubongo na chini yake, mahali panapoendesha macho, panaposimamia mizani ya mwili, na panapopokea kumbukumbu mpya ili zihifadhiwe.

Mwili hauhitaji thiamini nyingi. Mtu mzima anatosheka na miligramu moja na ushee kwa siku. Tatizo ni kwamba mwili si mwekezaji mzuri. Akiba yake yote ni kama miligramu 30, na ukikatiwa chakula chenye thiamini, akiba hiyo inakwisha katika wiki chache tu.

Hapo ndipo pombe inapoingia, na inaingia kwa milango mingi kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza mnaujua: anayekunywa hali. Asubuhi anazimua, mchana anaonja, usiku analewa. Pombe ina nguvu ndani yake, gramu moja inatoa kalori 7, kwa hiyo tumbo linaridhika na mtu anadhani amekula. Mlango wa pili, hata akila, utumbo uliozoea pombe unashindwa kuifyonza thiamini. Mlango wa tatu, ini lililochoka linashindwa kuitunza. Na mlango wa nne, mwili wa mnywaji hukosa magnesiamu, madini ambayo bila hayo thiamini haifanyi kazi hata ikiwepo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sahani ya maharage mbele yake na bado ubongo ukafa njaa.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Pombe za wazee wetu, mbege ya Uchagani yenye ndizi na ulezi, busaa ya magharibi mwa Kenya, komoni ya nyanda za juu kusini, zilikuwa nzito, zina nafaka na hamira yake ndani, na kwa hiyo zilibaki na vitamini B kiasi fulani. Sisemi ni dawa, na aliyelewa mbege naye amelewa. Lakini gongo, au chang'aa kama wanavyoiita Wakenya, ni kitu kingine. Ile ni mvuke uliopozwa. Vitamini hazipandi na mvuke. Zinabaki chini kwenye pipa pamoja na machicha. Anachopimiwa mtu kwa mama pima ni kilevi na maji, basi. Pombe kali za viwandani ni hivyo hivyo. Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, mwezi Machi 2017, na tulishangilia kwa sababu vijana walikuwa wanavitia mfukoni kama peremende. Lakini kiu haikupigwa marufuku, na aliyetoka kwenye kiroba akaingia kwenye gongo hakubadilisha kitu upande huu ninaouzungumzia.

Wengine mtaniambia, mwenzetu, sisi tunajua pombe hupofusha macho, tumesikia. Hiyo ni habari nyingine. Pombe iliyotiwa methanoli huua mshipa wa jicho kwa sumu, tena kwa siku moja au mbili, na mtu anakosa kuona. Katika ugonjwa wa Wernicke mtu anaona, ila macho hayatulii wala hayaendi pamoja. Vyote viwili ni vya kukimbilia hospitali, lakini tiba zake ni mbali na mbali.

Tuseme sasa hakuna aliyeshtuka. Mtu amelala siku tatu, akapewa uji, akapata nafuu kidogo, akasimama. Familia inamshukuru Mungu. Lakini wapo wanaoinuka kutoka hapo na kitu kimekatika. Aliyekieleza kitu hicho kwa kina ni daktari wa Moscow, Sergei Korsakoff, kuanzia mwaka 1887. Mtu huyu ana akili yake, anaongea vizuri, anacheza bao na kushinda. Ila jambo jipya haliingii. Ukilimwaga leo, kesho halipo. Wakati mwingine baada ya dakika tano halipo.

Chukua mfano wa mzee aliyelazwa wiki ya tatu. Binti yake anaingia wodini. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, za shule?" Binti amemaliza shule miaka kumi iliyopita, ana watoto wawili. "Jana ulishindaje, baba?" "Ah, jana nilikwenda mnadani, nikauza mbuzi wawili, nikarudi na basi la jioni. Bei ilikuwa nzuri." Mgonjwa wa kitanda cha pili anaangua kicheko, maana jana mzee hakutoka hata kwenda msalani bila kushikwa. Binti anatoka kununua maji, anarudi, na baba anampokea upya: "Karibu mwanangu, za shule?"

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika. Mke anasema, mume wangu amekuwa mwongo. Alimpa fedha ya unga, ameipoteza, na ana hadithi ndefu ya ilikokwenda. Watoto wanasema baba anatufanyia makusudi. Wengine wanasema karogwa, na safari ya kwa mganga inaanza, huku siku zinakwenda. Lakini mzee hadanganyi. Mdanganyifu anajua ukweli na anauficha. Huyu anatafuta jana yake, haioni, na ubongo wake unalijaza pengo kwa vipande vya zamani. Mnada upo, mbuzi walikuwepo, basi la jioni alilipanda kweli, ila ni miaka 15 iliyopita. Anaposimulia anaamini kila neno. Kumgombeza ni kumwadhibu kwa kosa ambalo hakulitenda, na mbaya zaidi, baada ya muda mfupi hatakumbuka kwa nini amegombezwa. Atabaki na uchungu tu.

Na uchungu hubaki, hilo tunalijua kwa ushahidi. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika juu ya mgonjwa wake wa aina hii, mwanamke ambaye kila siku alipaswa kujulishwa upya daktari ni nani. Siku moja Claparède alificha pini katikati ya vidole, akampa mkono. Mwanamke akachomwa, akauvuta mkono wake haraka. Kitambo kidogo baadaye alikuwa hakumbuki tena kwamba amechomwa. Lakini daktari alipomnyoshea mkono tena, aliukataa. Alipobanwa aeleze kwa nini, hakuweza kutaja kisa chochote. Leo daktari akifanya jaribio la namna ile atafukuzwa kazi, na ni haki. Ila tujifunze: mtu aliyepoteza kumbukumbu bado anajifunza ni nani anamuumiza. Wewe unayemsimanga kila asubuhi ukidhani atasahau, kisa atakisahau, wewe hatakusahau.

Je, anapona? Kwa ugonjwa wa kumbukumbu ulioshakomaa, madaktari wa Marekani waliofuatilia wagonjwa wao kwa muda mrefu walikuta kama robo hawakupata nafuu yoyote, wachache walirudi karibu walivyokuwa, na waliobaki walipata nafuu ya hapa na pale, kwa miezi na hata miaka, wakiacha pombe na kula vizuri. Lakini ule mwanzo wa ugonjwa, ile hali ya macho na kuyumba, unatibika. Sindano ya thiamini ikiingia mapema, macho yanaweza kuanza kutulia ndani ya saa chache au siku chache. Sijui magonjwa mengi ya ubongo ambayo mtu anaweza kusema hivyo juu yake.

Basi kwa nini watu wanaharibika? Kwa sababu hakuna anayeshuku. Australia ni nchi tajiri yenye hospitali za kutosha. Mwaka 1986 wataalamu wa Perth, akiwemo Clive Harper, walieleza walichokiona walipochunguza ubongo wa watu waliokwishakufa: wagonjwa 131 walikuwa na alama za ugonjwa huu, na ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amegunduliwa akiwa hai. Wakagundua jingine pia. Zile dalili tatu zinazofundishwa vyuoni, macho, mwendo na kuchanganyikiwa, zilikuwa zimeonekana pamoja kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya sita. Anayesubiri zitimie zote tatu ndipo aamini, amewaacha watano wapite. Siku hizi madaktari wanashauriwa kwamba kwa mnywaji, dalili mbili tu zinatosha kuanza tiba, na mojawapo inaweza kuwa ni huko kutokula kwake.

Kuna hatari nyingine, na hii nawaomba wahudumu wa zahanati mnisikilize. Mlevi akiletwa amelegea, mkono wetu unakwenda haraka kwenye dripu ya glukosi. Nyumbani nako tunamkorogea glukosi ya unga au tunampa soda. Kumbuka zile kuni. Sukari nyingi ikimwagwa kwa mtu mwenye thiamini ya kuokoteza, mwili unakitumia hata kile kidogo kilichobaki, na ugonjwa uliokuwa unanyemelea unaweza kulipuka kitandani. Kwa hiyo thiamini itangulie, au iende pamoja na hiyo sukari. Kama vipimo vinaonyesha sukari ya damu imeshuka, mgonjwa asicheleweshewe sukari hata dakika, ila thiamini nayo isisahauliwe. Na iwe ya sindano. Vidonge vya B kompleksi tunavyonunua duka la dawa ni vizuri kwa kujikinga, lakini kwa aliyekwishaugua havitoshi, kwani utumbo wenyewe ndio umegoma kufyonza. Miongozo ya Ulaya na Uingereza inataka miligramu 200 hadi 500 mara tatu kwa siku kupitia mshipa. Linganisha na ile miligramu moja na ushee ya kila siku, utaona ukubwa wa deni linalolipwa.

Na ndugu wa mgonjwa, msimfungie chumbani ili aache pombe kwa nguvu. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa. Kuacha ni jambo jema, lifanyike chini ya jicho la daktari.

Turudi jikoni kidogo, kwani kinga ya ugonjwa huu iko pale. Thiamini iko kwenye dona, kwenye ulezi na mtama, kwenye maharage, kunde, choroko na karanga, kwenye nyama, hasa ya nguruwe kwa anayeila. Mahindi yakikobolewa yakawa sembe jeupe, kiini na kumvi zinakwenda kwa kuku, na thiamini nyingi inakwenda nazo. Kuku wetu wanashiba vizuri kuliko sisi. Halafu kuna magadi. Wapishi wengi hutia magadi ili maharage yaive haraka na mkaa usiishe. Magadi huiua thiamini. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Na kama nyumbani kuna mnywaji, mtengee chakula kabla hajatoka. Kula kabla ya kunywa hakumwepushi na madhara yote ya pombe, ila kunaupa ubongo wake cha kuanzia.

Serikali nazo zina sehemu yake. Australia, baada ya kuona yale ya wale maiti, iliweka sheria mwaka 1991 kwamba unga wa mkate utiwe thiamini, na wagonjwa wakapungua. Kenya tangu mwaka 2012 inavitaka viwanda vya unga wa mahindi na ngano viongeze vitamini na madini. Lakini mnywaji wetu hali unga wa paketi. Anakula unga wa mashine ya mtaani, ule wa kupima kwa kibaba, na huko sheria ya kiwandani haifiki.

Najua kuna anayesema moyoni, "Kajitakia, tumhangaikie wa nini?" Namjibu hivi. Mwendesha bodaboda aliyeanguka bila kofia tunamfunga mguu kwanza, maneno baadaye. Mvuta sigara mwenye kifua tunampa dawa. Na mshona nguo wa Wernicke, na askari wa Singapore, na mama mjamzito wa leo anayetapika wiki nzima mpaka anaishiwa nguvu, ambaye naye anaweza kupatwa na ugonjwa huu huu, hao walijitakia nini? Tukijifunza kuutambua kwa mlevi, tutautambua pia kwa mjamzito. Tukiendelea kuufunika kwa kicheko, tutawapoteza wote wawili.

Kwa hiyo ukimpeleka ndugu yako hospitali, usiseme tu "amezidisha." Sema amekunywa kwa muda gani, sema mara ya mwisho alikula chakula cha maana lini, sema kama anatapika, na uliza waziwazi, "Daktari, atapata vitamini B1 ya sindano pamoja na hiyo dripu?" Si utovu wa adabu kuuliza. Daktari aliyeambiwa hivyo ana pa kuanzia. Asiyeambiwa ataandika "ulevi" kwenye kadi, na mgonjwa atarudishwa nyumbani akalale.